Mtego wa mafuta tunausafisha kila mwezi, mbona bomba bado linaziba?

SWALI: Nasimamia jiko la mgahawa linalohudumia watu kama 150 kwa siku. Chini ya sinki la kuoshea vyombo, lenye mabeseni matatu, kuna mtego wa mafuta wa chuma cha pua. Kila mwisho wa mwezi tunafungua mfuniko, tunachota mafuta yaliyoelea, tunafunga. Hata hivyo jiko linanuka, na bomba la nje limeziba mara 2 ndani ya miezi 3. Sinki lilikuwa linashusha maji polepole. Fundi akaondoa kipande fulani kwenye bomba kabla ya mtego, na tangu hapo maji yanaenda vizuri. Alitushauri pia tumwage maji ya moto yenye sabuni kila usiku ili mafuta yayeyuke. Tunakosea wapi, na mtego usafishwe kila baada ya muda gani?

JIBU: Ndugu msimamizi, anza kwa kukitafuta kile kipande alichokiondoa fundi. Kama kimetupwa, nunua kingine cha kipimo kile kile. Hicho ni kipunguza kasi ya maji: kisahani chenye tundu, au kipande cha bomba kilichobanwa katikati, kinachofungwa kwenye bomba la kuingilia kabla maji hayajafika mtegoni. Bila hicho, ulichonacho chini ya sinki ni sanduku ambalo mafuta yanapita njia tu.

Mtego wa mafuta hauchuji. Ndani hakuna wavu wa kunasa kitu, kuna mabamba ya kuyapunguza maji mbio na bomba la kutokea ambalo mdomo wake umeshuka chini, karibu na sakafu. Lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000, lita moja ya mafuta ya kupikia ni gramu 900 na kidogo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya kazi yote: mafuta yanapanda juu, mabaki ya chakula yanazama, na maji ya katikati yanatoka kupitia ule mdomo wa chini. Ili hilo litokee, maji lazima yatulie na yapoe. Karibu kila kosa linalofanywa kwenye mitego linaharibu mojawapo ya mambo hayo mawili.

Chukua tepu upime mwenyewe. Tuseme kila beseni la sinki lako lina urefu wa sentimita 45, upana 45 na kina 30. Hiyo ni lita 60 kwa beseni, lita 180 kwa yote matatu. Kwa kuwa vyombo vinachukua nafasi, wanaopanga ukubwa wa mitego huhesabu asilimia 75 tu, yaani lita 135. Ukizibua mabeseni yote kwa pamoja na yakaisha kwa dakika 1, mtego unapokea lita 135 kwa dakika. Mtego wa kawaida wa chini ya sinki wa urefu wa sentimita 60, upana 40 na kina cha maji 40 unabeba lita 96. Maji yanakaa humo sekunde 43 hivi. Kipunguza kasi kikiwepo, na mabeseni yakachukua dakika 2 kuisha, maji yanakaa sekunde 85. Sasa ongeza mafuta na tope vilivyojaza theluthi ya mtego: nafasi iliyobaki ni lita 64, na bila kipunguza kasi maji yanapita kwa sekunde 28. Kwa muda huo matone mengi madogo ya mafuta hayapati nafasi ya kupanda juu.

Kwa hiyo kama sinki lako lilichukua dakika 2 kuisha, halikuwa na kasoro, ndivyo lilivyopangwa. Likichukua dakika 5 au 6, hapo kuna uchafu kwenye tundu la kipunguza kasi, na dawa yake ni kukifungua na kukisugua kwa brashi. Angalia pia kitundu au kibomba cha hewa kilicho karibu nacho. Kikiziba, sinki linagugumia na maji yanashuka kwa vipindi, na watu wengi hudhani bomba ndilo limeziba.

Maji ya moto ya kila usiku yaacheni leo. Mafuta mengi ya nyama yanaganda yakipoa chini ya nyuzi 40 hivi. Maji ya nyuzi 60 na kuendelea yanayeyusha tabaka lote mlilolikusanya mchana na kulisukuma nje. Linapoa mita chache mbele, ndani ya bomba, mahali ambapo mkono wako haufiki. Sabuni inaongeza ubaya wa namna nyingine: inalivunja tone kubwa kuwa matone madogo sana na kuyazuia yasiungane tena. Na tone dogo linapanda taratibu mno. Kipenyo chake kikipungua nusu, kasi ya kupanda inashuka hadi robo. Maji yanayotoka yakiwa meupe kama maziwa, ujue mafuta yamo ndani yake na mtego hauwezi kuyakamata.

Yakishafika kwenye bomba la maji taka, hayabaki mafuta laini. Yanavunjika kuwa asidi za mafuta, zinakutana na kalisi (madini ya kalsiamu) iliyomo kwenye maji au inayotoka kwenye zege, na kinachotokea ni sabuni ngumu ya rangi ya kijivu au nyeupe, inayovunjika kama chokaa. Maji ya moto hayaiyeyushi. Pande lililokutwa chini ya mtaa wa Whitechapel, London, mwaka 2017 lilikuwa la aina hiyo, limeshikamana na vitambaa na takataka nyingine: urefu mita 250, uzito unaokadiriwa tani 130. Lako ni dogo tu, lakini limetengenezwa kwa njia ile ile.

Sasa swali lako la muda. Mwezi ni tarehe ya kalenda, na mtego haujui kalenda. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni ya robo: unene wa mafuta ya juu ukijumlishwa na unene wa tope la chini ukifika asilimia 25 ya kina cha maji, safisha. Kwa mtego wako wa sentimita 40, robo ni sentimita 10. Kiwango cha Ulaya cha EN 1825 kinataka mtego umwagwe wote angalau mara moja kwa mwezi, na ikiwezekana kila wiki 2. Mitego midogo ya chini ya sinki, kwenye jiko linalokaanga na kuosha mfululizo, mara nyingi inajaa kabla ya hapo. Jiko la watu 150 lenye mtego wa lita 96 nategemea litahitaji usafi kila siku 7 hadi 14. Lakini usinifuate mimi, fuata kipimo chako.

Kupima hakuhitaji kifaa cha gharama. Tafuta bomba la plastiki linaloonyesha ndani, kipenyo sentimita 2.5 hivi, urefu mita 1. Asubuhi kabla ya kazi, toboa utando wa mafuta kwa fimbo ili usizibe mdomo wa bomba, lishushe wima polepole hadi liguse sakafu, ziba juu kwa kidole gumba, inua. Ndani utaona matabaka matatu yamejipanga: juu rangi ya krimu au kahawia, katikati maji ya kijivu, chini weusi. Pima la juu na la chini kwa rula. Kama tope linachoropoka, tumia fimbo iliyofungwa kitambaa cheupe sehemu ya chini. Ishikilie sakafuni dakika 2, itoe, na alama nyeusi itakuambia tope limefika wapi. Kwa mafuta yaliyoganda, tumia fimbo yenye kipande kidogo cha bapa mwishoni kama herufi L: ipenyeze, izungushe, ivute juu hadi uhisi imegota kwenye upande wa chini wa mafuta, weka alama kwenye usawa wa juu wa mafuta.

Mafuta mengi ya mimea hayagandi, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Wanafungua, hawaoni kigaga kigumu, wanafunga wakidhani mtego uko salama. Kumbe juu kuna sentimita 8 za mafuta ya maji maji. Bomba la plastiki halidanganyi.

Pima kila baada ya siku 7 kwa mwezi mmoja. Tuseme siku 7 baada ya usafi umekuta mafuta sentimita 4 na tope 2, jumla 6. Basi sentimita 10 zitafika siku ya 11 au ya 12. Panga siku ya 10, kwa sababu wiki yenye wateja wengi itakuja tu. Menyu ikibadilika, au ukianza kukaanga zaidi, pima upya.

Nije kwenye usafi wenyewe. Kuchota mafuta ya juu peke yake ni nusu ya kazi, na nusu iliyoachwa ndiyo inayonuka. Tope la chini linaoza bila hewa na kutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai bovu. Linapopanda, linausogelea mdomo wa bomba la kutokea, na siku moja linaanza kutoka kwenda kwenye bomba la nje pamoja na mafuta. Kwa hiyo kila safari mtego unamwagwa wote.

Fanyeni asubuhi kabla sinki halijatumika, maji yakiwa yamepoa na mafuta yamepanda. Wawe watu wawili, glavu ndefu, miwani, aproni isiyotumika kupikia. Chakula chochote kilicho karibu kiondolewe au kifunikwe. Madirisha yafunguliwe. Fungua boliti, inua mfuniko bila kuchana mpira wake. Pima, andika. Chota mafuta kwa kijiko bapa uyaweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Kisha chota maji kwa kopo, ukiyaweka kwenye ndoo nyingine, mpaka uone tope, na tope nalo ulichote lote. Toa mabamba. Kwenye mitego mingi yanachomoka kwenda juu. Weka alama ya kalamu ni lipi la mbele na upande gani unaangalia maji, maana bamba lililogeuzwa linayapeleka maji moja kwa moja kwenye mdomo wa kutokea. Kwangua kuta na mabamba kwa kikwangulio cha plastiki au cha mbao. Cha chuma kinachora mikwaruzo, na kutu inaanzia hapo. Malizia kwa maji ya vuguvugu kidogo na kitambaa, bila sabuni, na maji hayo pia yaende kwenye ndoo.

Mtego ukiwa mtupu, washa tochi uangalie mambo matatu. Bomba la kutokea lenye umbo la T au kiwiko lipo mahali pake na halijalegea? Likidondoka, mafuta yanatoka kwa juu, na kwa nje huoni tofauti yoyote. Pembe za chini zina matundu madogo au vidoti vya kutu? Asidi za mafuta yaliyooza zinakula chuma, na chuma cha pua hakina kinga kamili. Mpira wa mfuniko umekauka, umepasuka, au una mafuta yaliyoganda yanayouinua? Ubadilishe ukiwa na mashaka, ni kitu kidogo.

Sasa hatua inayosahaulika kuliko zote: rudisha mabamba, kisha jaza mtego kwa maji baridi safi mpaka yaanze kutoka kwenye bomba la kutokea, ndipo ufunge. Mtego mtupu hauna maji ya kuyatuliza maji yanayoingia. Lita 96 za kwanza za siku hiyo zitajimimina pamoja na mafuta yake, zikigonga sakafu na kuchanganyika. Kaza boliti za mfuniko kwa mshazari, moja ya kona hii kisha ya kona inayoikabili, zote kidogo kidogo, ili mpira ukae sawa. Fungulia maji dakika 2 na upitishe kidole chini ya viungo uone kama kuna unyevu.

Yale maji ya ndoo yasirudishwe mtegoni wala kumwagwa kwenye sinki jingine au mfereji wa mvua. Mabaki yote yapelekwe na msafirishaji wa taka mwenye kibali, na ubaki na stakabadhi yake. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka yasichanganywe na haya. Yenyewe yakiwa safi huuzika au hugeuzwa dizeli ya mimea. Yakishaguswa na mabaki ya mtego, thamani hiyo imekwisha.

Harufu ikibaki baada ya usafi kamili, chanzo hakiko kwenye mafuta. Kagua mpira wa mfuniko kwanza. Kisha angalia mkunjo wa bomba chini ya kila beseni na chini ya matundu ya sakafuni: beseni lisilotumika wiki nzima linakauka mkunjo wake, na hewa ya maji taka inapanda bila kizuizi. Mimina lita 1 ya maji kila siku chache. Bomba la hewa la kupanda paani likizibwa na kiota au majani, maji yanayoshuka yanavuta na kukausha mikunjo mingine; dalili yake ni mlio wa kufyonza kila sinki kubwa linapozibuliwa.

Kuhusu dawa. Kostiki soda inageuza mafuta kuwa sabuni inayokwenda kugandia mbele, inachemka na kuunguza mtu, na inakula viungo vya alumini. Vimeng'enya vinayavunja mafuta, lakini bidhaa ya mvunjiko huo ni zile zile asidi za mafuta zinazotengeneza ile sabuni ngumu bombani, na sehemu nyingi sheria za maji taka zinavikataza. Bakteria wanaokula mafuta wapo na wanafanya kazi kweli, ila wanahitaji saa nyingi, hewa, na maji yasiyo na klorini. Kwenye mtego unaobadilisha maji kila dakika na nusu, ukafuatiwa na klorini ya kudekia jioni, hawana nafasi. Fedha hiyo iweke kwenye usafi wa mara kwa mara. Na klorini kamwe isikutane na dawa ya kuzibulia yenye asidi: gesi inayotoka inaua.

Usafi mkubwa zaidi unafanyika kabla chombo hakijafika sinkini. Sahani ikwanguliwe kavu kwenye pipa. Sufuria na kikaango vifutwe kwa karatasi kabla ya kulowekwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kilichobaki kwenye kikaango, mara vikaango 40 kwa siku, ni zaidi ya nusu lita. Kila beseni liwe na chujio la matundu madogo, limwagwe pipani likijaa, lisigongwe kwenye beseni. Mashine ya kusaga mabaki isiunganishwe na mtego wa ukubwa wako, itaujaza tope kwa siku chache. Mashine ya kuoshea vyombo nayo ina maji moto sana na sabuni kali. Kama imeunganishwa humo, mwombe fundi aitenganishe, akifuata kanuni za mamlaka ya maji taka ya mahali mlipo. Sufuria la maji yaliyochemshia chakula liachwe lipoe kabla ya kumwagwa.

Lile bomba la nje halitajisafisha kwa sababu umerekebisha mtego. Ita watu wenye mashine ya maji ya shinikizo kubwa walikwangue ndani kwa urefu wote hadi kwenye chemba, na uombe kamera ipitishwe baada ya hapo. Kulizibua kwa fito kunatoboa njia katikati ya sabuni ngumu na kuacha kuta zake, ndiyo maana limeziba mara ya pili. Mpangilio ninaoupendekeza: bomba lisafishwe, siku hiyo hiyo kipunguza kasi kirudishwe, na mtego umwagwe wote, ujazwe, hesabu ya siku ianzie hapo.

Kama baada ya kufanya yote haya robo inafika kabla ya siku 5, mtego ni mdogo kwa jiko lako. Soma kibao chake: kinataja lita kwa dakika na kilo za mafuta. Mtego wa lita 76 kwa dakika, kwa mfano, huwa umepimwa kushika kilo 18 hivi. Hesabu ya sinki letu ya lita 135 kwa dakika 2 ni lita 67.5 kwa dakika, unatosha. Sinki la pili likiunganishwa hapo, hautoshi. Hatua inayofuata ni tangi la nje la maelfu ya lita, linalonyonywa na gari. Hilo mtu asiingie ndani yake hata kwa dakika moja. Haidrojeni salfaidi ikizidi inaua hisia ya kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu hakumaanishi kuna usalama. Mfuniko wake ufungwe kwa boliti na uweze kubeba uzito wa mtu. Watoto wamewahi kutumbukia kwenye matangi ya namna hiyo wakafa.

Weka daftari karibu na sinki: tarehe, sentimita za mafuta, sentimita za tope, aliyesafisha, mabaki yalikopelekwa, na kitu chochote kilichobadilishwa.

Wiki 2 baada ya marekebisho, fanya jaribio moja. Wakati vyombo vinaoshwa, kinga maji yanayoingia kwenye chemba ya kwanza baada ya mtego, ukitumia chupa inayoonyesha ndani, isiyo na rangi. Iache juu ya rafu saa 12 bila kuitikisa. Ukikuta utando mwembamba unaong'aa tu, mtego unafanya kazi. Ukikuta pete ya mafuta yenye unene unaopimika kwa rula, rudi kwanza kwenye kipunguza kasi, halafu kwenye lile bomba la T, halafu uwaulize wa zamu ya usiku kama bado wanamwaga maji ya moto.